Kitambulisho Kilichomfuata Mrina

Mti ulianguka kabla hajajua upepo umegeukia wapi. Mrina alikuwa anavuka bonde kwenda kwenye mizinga yake ya nyuki, mvua ikimchapa usoni, panga kiunoni, bunduki begani kwa ajili ya chui anayezurura huko. Alisikia mlio kama wa nguo inayochanwa. Alipozinduka alikuwa chali kwenye matope, mguu wa kulia umebanwa chini ya shina, bunduki imetupwa kichakani asikoweza kuifikia. Alivuta mguu. Maumivu yakampanda mpaka kwenye meno.

Na kile kijito alichozoea kukiruka bila hata kulowa kilikuwa kimefura. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yanamla mbavu.

Aliita mpaka sauti ikamkauka. Nani angemsikia? Mizinga huwekwa mbali na watu, ndivyo nyuki wanavyotaka. Akaanza kuwaaga watoto wake kimoyomoyo, mmoja mmoja.

"Wewe baba! Uko wapi na hicho kichwa chako kinachovuja?"

Akadhani anaota. Ilikuwa sauti ya mkewe.

Alitokea vichakani, gauni limemganda mwilini, mkononi mfuko wa plastiki. Ndani yake kilikuwa kitambulisho cha bunduki, ambacho mrina alikisahau kwenye shati la jana. Sheria aliijua: ukibeba silaha, kitambulisho uwe nacho mwilini, la sivyo ukikutana na askari wa msitu unalala ndani. Kila siku aliilaani sheria hiyo. Mkewe alikuwa amemfuata njia nzima amenuna.

"Nimekuja kukutukana," akasema. Kisha akauona mguu, na matusi yakamwishia mdomoni.

"Maji yanapanda, mama. Na shina hili huliwezi."

"Nani kasema nalinyanyua? Panga liko wapi?"

Akapiga magoti, akalichomoa kiunoni mwa mumewe, akachimba tope chini ya mguu kwa panga, kisha kwa kucha. Maji yalipomfika mumewe kidevuni, alimshika makwapani.

"Uma kofia yako," akamwambia, akavuta. Mguu ukachomoka, umepinda mahali pasipo na kiungo.

Akamkokota hadi kwenye mwinuko, akaufunga mguu kwa vijiti na kitambaa chake cha kichwani. Akakinga mvua kwa jani pana, akamnywesha. Kisha akaenda kuitoa bunduki kichakani.

"Piga juu, watu wasikie," mrina akanong'ona.

"Piga mwenyewe. Sura iliyo kwenye kitambulisho si yangu."

Mrina akacheka huku machozi yakimtoka, akafyatua.

Askari wa msitu walikuja wameinama, mitutu mbele, wakidhani wamepata majangili.

"Silaha chini! Kitambulisho!"

Mkewe akainua mfuko. Kiongozi wao akasoma, akamtazama mrina aliyejaa tope.

"Ndiye huyu?"

"Mwoshe kwanza, utamwona."

Wakakata miti, wakafunga machela.

"Mshukuru mama," kiongozi akasema. "Bila hiki, tungeanza na pingu."

"Bila hicho," mrina akasema, ameushika mkono wa mkewe wenye kucha zilizokatika, "mngekuta kofia inaelea."

Mguu ulipona, ingawa ulibaki mfupi kidogo. Siku hizi kitambulisho kimebanwa kwa pini ndani ya mfuko wa shati. Hata hivyo, kila akitoka kwenda mizingani, mrina husimama mlangoni.

"Mama, sijasahau kitu?"

"Umesahau," mkewe hujibu, akivaa mabuti yake.