Wanyonya Umeme wa Mlandege

“Umeme umeshuka tena!” Jailos alifoka kwenye simu. “Bwana Othmani, ukizubaa mwenzako atapasuliwa gizani.”

Othmani aliibana simu kwa bega, akajaza risasi sita kwenye bastola yake ya Webley.

Mwenzake ni Rozalia, mpelelezi wa idara moja naye. Asubuhi hiyo alikula risasi ya tumbo akiwafuata wafanya magendo wa dhahabu ya Chunya. Sasa alilala hospitalini, tumbo wazi, chini ya taa inayofifia. Iringa nzima ilitegemea jenereta moja, na Jailos ndiye aliyeiendesha.

“Nani anaunyonya?”

“Lile ghala la mchele hapo mbele yako, Mlandege. Lakini chochote wanachochaji, usikate kwa mpigo! Mzigo ukitoka ghafla umeme unapanda, taa ya daktari inapasuka. Kata kidogo, nipe dakika mbili niipunguze mashine, ndipo ukate tena.”

“Wakinipiga risasi?”

“Pigwa polepole.”

Othmani alivuka barabara, akavunja mlango kwa teke.

Vigari vitatu vya betri vilikuwa vinachajiwa, vimesheheni magunia ya mchele wa Chimala. Mchele juu, dhahabu chini. Vigari visivyonguruma, vya kupita nyuma ya kituo cha polisi hata mbwa asishtuke.

Yohane Kalinga, mwenye ghala, akachomoa bastola.

Paa!

Othmani alimwahi, goti la Kalinga likasambaratika. Othmani akamkwida, akamsimamisha mbele yake kama ngao, akachomoa waya wa kwanza.

Dakika mbili.

Kwenye mlango wa nyuma akatokea Krause, mnunuzi wa dhahabu, bunduki ya Sten mkononi.

“Bosi, usipige!” Kalinga alilia. “Ni mimi, Yohane!”

“Najua,” Krause alisema, akapiga.

Kalinga alizipokea risasi zote. Othmani alipenyeza Webley kwapani mwa maiti, akafyatua mara mbili. Krause akaketi chini, kashika tumbo.

Waya wa pili.

“Niitie daktari,” Krause aliguna. “Simu ile pale. Dhahabu chukua yote.”

“Tulia, mzee. Mashine haitaki pupa.”

Othmani alitazama saa. Damu ilifika kwenye kiatu chake, akasogea.

“Daktari…”

“Mji huu una mmoja tu. Anashona.”

Waya wa tatu. Balbu ya ghala ikang’aa, ikatulia.

Simu ya ghala ikalia.

“Hospitali wamenipigia,” Jailos alisema. “Rozalia kapona. Daktari kanawa mikono, anauliza kama kuna mwingine.”

Othmani alimtazama Krause. Bado alikuwa anapumua.

“Hakuna,” akajibu, akakata simu, akatoka kwenda kutafuta chai.