Barafu Inawajua Waliokuja

Marisela Quihuis alifuata kofia yake, si mwanamume. Hilo alilisema baadaye kwa kila aliyemuuliza, na hakuna aliyemwamini.

Ilikuwa Jumamosi mchana, na ujia wa chini wa uwanja wa timu ya Nge wa Phoenix ulijaa wapiga picha, wachezaji wenye jasho na wapagazi wanaosukumana. Punde tu mchezaji mmoja alikuwa amefunga bao la tatu, na katika hoki ya barafuni mtu akifunga matatu mashabiki humrushia kofia zao uwanjani. Marisela, siku yake ya tatu katika ofisi ya tiketi, alisahau kwamba aliyovaa ni kofia ya marehemu bibi yake, ya majani, yenye utepe mwekundu. Akaivurumisha kama wengine.

"Zikishatua hazirudishwi," akasema kijana mrefu mwenye masharubu ya rangi ya mahindi, gunia la kofia begani. Alivaa koti zito, na huko nje jua lilikuwa linakaanga lami. "Ndiyo sheria."

"Sheria ya nani?"

"Yangu. Mimi ndiye mwenye barafu."

"Na mimi ndiye mwenye bibi. Akinijia ndotoni nitampa jina lako. Nani vile?"

"Wendell Kjos. Mwambie natoka Minnesota, aje na sweta."

Marisela akacheka bila kutaka. Kofia aliipata kesho yake, ila utepe haukuwepo. "Umepotea," Wendell alisema, akaangalia viatu vyake.

Wakapendana, tena si kidogo. Miaka miwili Wendell alikula chapati za mama yake Marisela mpaka mkanda ukamgomea, na Marisela akazoea kukaa ukingoni mwa uwanja, gauni lake la njano limefunikwa na koti la mwanamume, akimtazama akiendesha gari lile kubwa la kulainishia barafu.

Lakini timu ilikuwa inakufa, na kila mwenye macho aliona. Uwanja waliujenga magharibi, katikati ya mashamba ya pamba, na wapenzi wa hoki wanaishi mashariki, mwendo wa saa nzima na zaidi jioni watu wakitoka kazini. Tiketi ziligawiwa bure mashuleni, kwenye maosheo ya magari, hata kwa madaktari wa meno. Nani atanunua kitu anachopewa akishang'olewa jino? Viti vilijaa timu za kaskazini zikija tu, na waliovijaza walivaa jezi za wageni, wazee waliohamia Arizona kuikimbia theluji lakini mapenzi yao wakayaacha huko huko.

Kazi ya Marisela ilikuwa kuandika idadi ya watazamaji inayotangazwa. Bosi wake, Pruitt, alimfundisha mapema: hesabu tiketi zilizotoka, usihesabu watu walioingia. Basi kila mechi ilitangazwa elfu kumi na moja na ushee.

Februari, Pruitt akafunga mlango wa ofisi. "Msimu ukiisha tunahamia Kanada. Nafasi yako ipo. Ukimwambia mtu kabla hatujatangaza, haipo."

"Hata Wendell?"

"Hasa Wendell. Kule wana watu wao wa barafu."

Kesho yake Wendell akapiga simu.

"Mari, wa nyumbani wananitaka nikasimamie uwanja wa mji wetu. Wanataka jibu Ijumaa. Wewe uko karibu na wakubwa. Hii timu ina maisha?"

Marisela akafumba macho. Akaona ofisi mpya, mshahara wa kumtunza mama yake, akaona pia uso wa Wendell. "Jana walikuja elfu kumi na moja, mpenzi. Timu yenye watu hao inakufaje?"

"Hilo ndilo jibu lako?"

"Ndilo."

"Haya." Akakata. Hakuwahi kukata bila kumtania kwanza.

Wiki tatu Wendell alimsalimia kama karani wa benki. Marisela alipochoka, alimfuata uwanjani.

"Nimekukosea nini? Sema, usininunie."

Wendell akamshika mkono, akaulaza juu ya barafu. "Imekazaje?"

"Kama jiwe."

"Watu elfu kumi na moja wakipumua humu, inalegea. Inabidi niongeze baridi kwenye mitambo. Tangu Novemba sijaigusa mitambo, Mari. Barafu inaniambia elfu tatu, wakizidi sana nne. Nimejua msimu mzima."

"Sasa uliniuliza ya nini?"

"Sikuulizia timu. Nilitaka kujua kama na mimi utanidanganya."

Marisela akaona aibu mpaka masikio yakamwaka. "Tunahamia Kanada," akasema kwa haraka. "Walinikataza kusema."

"Unasema sasa kwa sababu nimekubana. Nimeshawajibu wa nyumbani. Mechi ya mwisho ikiisha, naondoka."

Siku ya mechi ya mwisho Marisela hakukaa ofisini. Alisimama mlangoni na kihesabio kidogo mkononi, akibonyeza kwa kila aliyepita, mmoja mmoja, mpaka mlango ulipofungwa. Akapeleka karatasi kwa mtangazaji mwenyewe.

"Watazamaji wa leo," sauti ikasikika uwanja mzima, ikasita, "elfu tatu, mia tisa na kumi na wawili."

Watu wakacheka. Kisha wakageuka kutazamana, wale wale wachache waliokuja miaka yote, wakasimama na kupigiana makofi. Katikati ya uwanja lile gari la Wendell likasimama.

Simu ya Marisela ikalia. "Kanada usahau," alisema Pruitt.

"Nimeshasahau."

Asubuhi yake mitambo ilizimwa. Marisela alimkuta Wendell amevaa mabuti ya mpira, maji yamemfika kwenye vifundo, mabegi yake mawili kwenye kiti cha watazamaji, safu ya mbele. Akasimama alipoyaona.

"Sikuja kukuzuia," akasema. "Nimekuja kusema nilikudanganya, na nilijua nakudanganya."

Wendell akageuka. Alitembea majini hadi katikati, akainama, akachimbua barafu iliyokuwa imelainika, akarudi na kitu kinachochuruzika. Utepe mwekundu wa bibi. Pete ilikuwa imefungwa kwenye ncha yake.

"Niliulaza hapo Septemba, kabla ya kumwaga maji ya kwanza. Nilipanga nikuite siku ya kuyeyusha." Akaushika vizuri. "Baada ya ile simu nikasema uende na maji. Jana nikabadili mawazo."

"Huko kwenu wanahitaji mtu wa kuhesabu watazamaji?"

"Kwetu hawahesabu. Mji mzima unakuja."

"Mama atataka kuja na kikaango chake."

"Asipokuja nacho simfungulii." Akaifungua pete kwenye utepe. "Haya, Bi Tiketi. Idadi ya leo?"

Marisela akavitazama viti vyote vile, safu juu ya safu, vitupu mpaka darini. Akampa mkono wa kushoto.

"Wawili," akasema, machozi yakimtoka. "Nimehesabu mwenyewe."