Mpini wa Upande wa Pili

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mashamba ya pamba ya Ngulyati, Luhaga aliposhuka baiskeli uani kwa marehemu baba yake, mzee Mayige, fundi seremala. Alikuja kuchukua vifaa. Soko huria lilikuwa limefika Bariadi, wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao, na ofisi ya pamba alikokuwa karani ikagundua ghafla kwamba inaweza kuishi bila yeye. Walimpunguza kwa sababu husinzia mezani. Kwa mara ya kwanza ofisi ile ilikuwa imesema kweli. Sasa bila vifaa vile, watoto wangekula nini?

"Mwadila, shangazi."

"Mwadila, ng'wana Mayige," Kwandu akaitika. "Mazikoni hatukukuona."

Luhaga akatazama viatu vyake. Baba alikuwa amemwita mara nyingi aje washike msumeno pamoja. Kila mara alijibu kwamba likizo haijaidhinishwa.

Hakuwahi kuiomba.

Katika ukoo wao, chombo cha fundi hakichukuliwi hivi hivi. Mrithi hukitaja jina, kisha humtaja aliyekishika mara ya mwisho. Akidanganya, chombo humrukia siku moja na kumkata.

Kwandu akafungua gunia la vifaa.

"Hii?"

"Randa. Aliishika baba."

"Na hii?"

"Tezo. Baba."

"Haya, na hii?"

"Keekee. Baba. Shangazi, unanifanyia usaili?"

Kwandu hakucheka. Akauburuta kutoka ghalani msumeno mrefu wa kupasulia magogo, wenye mpini kila ncha. Harufu ya mbao mbichi ikajaa uani...

"Msumeno wa watu wawili," Luhaga akasema. "Mpini ule ni wa baba."

"Na huu wa kwako?"

"Wa kwangu ulivunjika kabla sijahamia mjini."

"Ndiyo. Huu aliuchonga ulipokwisha kuondoka. Ushike."

Akaushika kwa mkono wa kushoto, ule ambao kidole chake cha kati kilikatwa na msumeno utotoni. Mti ulikuwa umelika kwa kushikwa sana. Umelika kila mahali penye kidole. Palipokosa kidole, palikuwa pamebaki tuta.

Ukamkaa kama kiatu cha zamani.

Luhaga akakumbuka asubuhi za mjini. Mabega yanauma. Nyamizi, mkewe, anamkung'uta vumbi la mbao masikioni na kumuuliza amelala wapi.

"Tulikuwa tunausikia usiku," Kwandu akanong'ona. "Unakwenda, unarudi. Mzee akasema, ni Luhaga, kaja kunisaidia. Tukakushukuru. Hata alipokuwa hawezi kuinuka kitandani, bado msumeno ulilia... Asubuhi tukakuta mbao za jeneza zimeegemezwa ukutani."

"Nani alishika ule wa baba?"

"Wewe ndiye unayetaja. Sema, giza linaingia."

Angeweza kusema hajui. Alikuwa na uzoefu wa majibu ya namna hiyo. Akatazama randa, tezo, keekee. Akawafikiria watoto.

"Huu niliushika mimi," akasema. "Nisamehe, baba."

Kando ya ghala aliliona gogo, limepasuliwa nusu tu.

"Shangazi, ile nusu iliyobaki ni ya nini?"

Kwandu alikuwa ameshainuka, anaingia ndani bila kugeuka.

Luhaga akataka kuuachia mpini. Vidole vikakataa.

Kule kwenye ncha ya pili, gizani, msumeno ukavutwa.

Polepole. Kama mzee anayeanza kazi.