Sanduku la Mchanjaji

"Tausi. Yai limetoka Ngamiani. Lisivunjike."

Mwanaima Tahiri, Tausi kwa jina la kazi, alibonyeza redio ya Motorola iliyofichwa ndani ya mtandio. "Naliona."

Yai lilikuwa sanduku jeupe la barafu nyuma ya Toyota Hilux ya Daktari Noa, mchanjaji wa kuku. Kideri, ugonjwa usiobakiza kuku, kilikuwa kimezoa kuku wa Usagara kwa siku tano, na sanduku hilo ilisemekana limebeba chanjo ya vijiji vya Pangani. Rafaeli, mkuu wa Mwanaima, alimpa kazi hiyo asubuhi ofisini huku akimtupia karanga kasuku wake tunduni. Kasuku hakuziokota. Shingo yake ilikuwa imepinda, na mguuni alikuwa na pete nyekundu.

"Uzee," alisema Rafaeli. "Wewe linda sanduku. Kuna watu wanalitaka. Asilifungue mtu, jua litaua dawa."

Miaka kumi na moja ya ujasusi ilimfundisha Mwanaima kutoyapenda maagizo yenye sababu nyingi. Lakini alikwenda.

Pikipiki yake, Boxer, ilibaki mita mia mbili nyuma ya Hilux. Tongoni. Kigombe. Kwenye kivuko cha Pangani askari alisogelea sanduku.

"Chanjo hiyo," alisema Noa. "Ukifungua, lawama za kina mama zote ni zako."

Askari akarudisha mkono.

Mwanaima aliona. Tangu Ngamiani hakuna macho yaliyoingia ndani ya sanduku lile, na wanaolitaka hawajaonekana hata kivuli.

Saa nne Hilux iliingia Mwera, ikasimama nyumba ya kwanza kutoka barabarani. Nyumba ya Bi Mwanamwema, shangazi yake Mwanaima. Kuku wa mama huyu ndio waliomsomesha. Kideri kilipopita miaka sita nyuma, alizika arobaini kwa siku mbili, akakaa siku nyingine mbili bila kula.

Mwanaima aliegesha nyuma ya Hilux, akachutama kidogo kana kwamba anafunga kiatu, kisha akaingia uani kama mtoto wa ndugu aliyekuja kusalimia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona bila taarifa? Ningekuchinjia."

Noa alikuwa kando, sanduku miguuni, akiandika daftarini.

"Ati mchanjaji," Bi Mwanamwema alibetua midomo. "Mchanjaji gani anakuja saa nne? Kuku nimewafungulia alfajiri, wametapakaa hadi mashamba ya watu. Atamkamata yupi?"

Mwanaima alijilaumu. Jambo hilo alilijua tangu utotoni. Mchanjaji hupiga hodi kabla ya jua, kuku wakiwa bandani, na jana yake huwa ameshaagiza wasifunguliwe. Tone moja jichoni, mmoja mmoja. Huyu hakuagiza, hakuuliza kuku wako wapi, na daftarini ameshaandika "thelathini wamechanjwa".

Alipiga simu.

"Mkuu, nafungua sanduku."

"Hapana."

"Huyu hajui kazi yake."

"Nimesema hapana, Tausi."

Haraka mno. Hakuuliza hata kwa nini.

Mwanaima akakata.

"Daktari, fungua."

"Jua, dada."

"Chanjo yenyewe haina wa kuchanjwa. Fungua."

Mkono wa Noa ulizama kwenye koti. Bastola ya Mwanaima, Beretta, ilikuwa imeshamtazama usoni. Basi Noa akafanya baya zaidi. Alipiga teke kifungio, kifuniko kikafunguka.

Barafu hamna. Chupa ya dawa hamna.

Kasuku. Kumi na wawili, wanahema, shingo zimepinda. Kila mmoja ana pete nyekundu mguuni.

Shingo ile aliijua. Pete ile pia.

Kasuku anaweza kubeba kideri kwa wiki nyingi kabla hajafa. Kuku hana muda huo. Hawa wakiruka, wakatua kwenye chenga za mahindi uani mwa watu, Ijumaa isingekuta jogoo wa kuwika Mwera nzima.

Noa alikimbilia gari. Mmoja wa kasuku alipanda ukingoni, akatandaza bawa.

Mtu au sanduku?

Sanduku. Mwanaima alimsukuma kasuku ndani, akajitupa kifudifudi juu ya kifuniko. "Nirushie kamba, shangazi. Usisogee."

Kamba ikaja. Akafunga mafundo mawili. Hakuna aliyetoka.

Hilux ilikwenda hatua ishirini, ikapiga magoti. Magurudumu ya nyuma yalikuwa hayana upepo. Mwanaima hakuwa akifunga kiatu pale.

Noa alipogeuka, Beretta ilikuwa sikioni.

"Kuna meli," alisema bila kuulizwa mara mbili. "Ya wageni. Imejaa kuku wa barafu. Wa kienyeji wakiisha, watu watakula nini?"

"Nani alikupa kasuku?"

"Mimi namjua Rafaeli tu."

Ilimuuma. Rafaeli ndiye aliyemfundisha kushika bastola. Alimfunga Noa pingu mlangoni mwa Hilux, akampigia Zubeiri, mwenzake wa ofisini, maneno matatu tu. Akasubiri dakika tano. Kisha akampigia mkuu.

"Kasuku wako anaendeleaje?"

"Kwa nini?"

"Nimekutana na ndugu zake kumi na wawili. Pete nyekundu."

Kiti kiliburuzwa upande wa pili.

"Usihangaike na mlango, mkuu. Zubeiri yuko nje."

Alizima simu. Akaagiza madaktari wa mifugo waje kuchukua sanduku. Walipolichukua, alitoa redio, akavua viatu na mtandio, vyote vilivyogusa ugonjwa, akavitia jikoni kwa shangazi, kwenye moto wa kuni. Bi Mwanamwema alimrushia kanga ya kujitanda, kwa mbali kama alivyoelekezwa. Mkono wake wa pili ulikuwa umeshika kisu.

"Ngoja nimwite jogoo. Mgeni wangu haondoki hivihivi."

"Leo nikimkaribia jogoo wako, shangazi, nimemuua bila kisu. Wafungie wiki tatu, mbali na hapa uani. Mchanjaji wa kweli atapiga hodi alfajiri."

"Na wewe?"

"Nikialikwa, nitakuja. Baada ya huyo."

Akajitanda kanga, akaondoka peku kuelekea barabarani, akizungukia upande usiokuwa na kuku.