Pensheni ya Kemboi

Soko la Nakuru lilifurika Jumamosi ile ya mwaka 1951. Mshikio wa kikapu cha Jeruto ulikatika, viazi vikatawanyika hadi miguuni mwa mwanaume mrefu aliyevaa koti kuukuu la keya, jeshi la Waingereza. Mwanaume akainama polepole, akaviokota kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto.

"Na huo wa kulia, bwana, umeuacha nyumbani?" Jeruto alimtania, gauni lake la maua ya njano likipepea.

"Huo mvivu," akajibu akicheka. "Huu wa kushoto ndio unaojua kusaidia warembo. Naitwa Kemboi."

Kuanzia siku hiyo walikutana kila Jumamosi, wakanywa chai ya maziwa hotelini, wakatembea hadi ziwani. Jeruto alikuwa akifua mashuka hospitalini. Kemboi alimwambia kwamba yeye anafanya kazi relini.

Ulikuwa uongo. Vipande vya bomu la vita vya Burma vilikuwa bado mgongoni mwake, na mkono wa kulia haukuweza kushika hata jembe. Reli ilimwachisha kazi baada ya wiki mbili. Aliishi kwa dada yake huko Bahati, akingojea pensheni ya askari waliojeruhiwa.

Jumatano moja, Jeruto alipeleka mashuka safi kwenye chumba cha daktari. Akamkuta Kemboi kifua wazi mbele ya madaktari wawili wa serikali.

"Unafanya kazi wapi?" mmoja aliuliza.

Kemboi alimwona Jeruto mlangoni. Akisema reli, pensheni imekwenda. Akisema kweli, Jeruto amekwenda.

"Sina kazi, afande," alisema hatimaye. "Nilijaribu reli, nikajaribu shamba. Mwili umekataa."

Jeruto aliweka mashuka chini, akaondoka.

Jumamosi mbili hakuonekana sokoni. Ya tatu, Kemboi alimngoja kwenye lango la hospitali tangu asubuhi.

"Nisamehe, Jeruto. Niliogopa utamkataa mtu asiye na kazi."

"Kazi!" Machozi yalimlengalenga. "Miezi minne nakutania juu ya huo mkono! Ungeniambia, ningefunga mdomo."

"Sikutaka uufunge. Utani wako ndio ulionirudishia usingizi niliopoteza vitani."

Jeruto alijaribu kununa, akashindwa.

"Pensheni wamekupa?"

"Barua ilifika jana. Lakini ningekuja hata kama wangeninyima."

"Basi njoo Njoro kesho, umwone baba. Na ukimdanganya, mpenzi, nitakurudisha Burma mwenyewe."

Jumapili, Kemboi alisimama mbele ya mzee Kipketer, baba yake Jeruto, aliyekuwa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la mzungu.

"Mzee, niliumia vitani. Siwezi kulima wala kukamua. Nina pensheni ya serikali, na nampenda binti yako."

Mzee akamsogezea kiti.

"Wazee wenu watakuja lini kuleta posa?"

"Wiki ijayo, baba!" Jeruto akaitikia kutoka jikoni, kabla Kemboi hajafungua mdomo.