Maneno Aliyoyaruka Dafrosa

Kila alasiri Dafrosa aliporudi kutoka shuleni, alipanda ngazi za ghorofa lao pale Tensta, nchini Sweden, akavua viatu vyenye theluji mlangoni, akala chochote alichowekewa. Baada ya muda baba yake aliingia, ameshuka kwenye basi la Spånga, mikono bado inanuka grisi. Hata koti hajalitundika vizuri, ameshaita, "Dafrosa, leta kitabu!" Hapo moyo wa Dafrosa ulinyong'onyea.

Baba yake, Bwana Deusdedit, alikuja Sweden kutoka Bukoba kwa mafunzo, akapata kazi katika kiwanda cha pampu. Mwaka huo wa 1973 alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa taifa wa kuingia chuo cha uhandisi. Kiwandani walimwahidi likizo ya masomo kwa safari hiyo tu. Akianguka, nafasi ingekwenda kwa mwingine.

Hesabu hazikumtisha. Kilichomtesa ni Kiswidi cha vitabuni. Kwa hiyo Dafrosa, msichana wa miaka kumi na miwili, alimsomea maswali akiyageuza kwa Kiswahili. Na maswali yenyewe, jamani, yalikuwa marefu! Huku nje wenzake wanateleza kwenye theluji, yeye kafungiwa jikoni na matangi na mabomba. Akaanza kuruka neno moja moja. Alipoona baba hagundui, akanogewa, akawa anaruka sentensi nzima. Mtoto huyo!

"Tangi linachukua lita mia sita," alisoma siku moja. "Bomba linaingiza lita hamsini kila dakika. Litajaa baada ya dakika ngapi?"

Baba aliandika upesi. "Kumi na mbili."

Dafrosa alitazama majibu mwishoni mwa kitabu. "Ishirini."

"Ishirini?" Baba alirudia hesabu. Kumi na mbili. Akairudia tena, ikawa ile ile. Akaitupa kalamu, ikaviringika hadi chini ya jiko. "Kila siku nafunga pampu kwa mikono hii, halafu tangi la kwenye karatasi linanishinda! Kichwa changu kimekufa!"

Dafrosa alijua kosa liko wapi. Kitabu kilisema kwamba chini ya tangi kulikuwa na tundu lililovujisha lita ishirini kila dakika. Sentensi hiyo aliiruka kwa sababu Jennifer, mtoto wa jirani yao Mkenya, alikuwa akimwita kutoka uani, "Dafrosa! Kuja haraka, giza inaingia!"

Baba alifunga kitabu. "Basi, nimechoka kujidanganya. Kesho narudisha vitabu maktaba, na kiwandani nitawaambia nafasi wampe mwingine. Asante, mwanangu. Umehangaika na mimi bure. Nenda ukacheze."

Dafrosa alishuka mbio. Aliteleza mara moja tu, raha hakuiona. Masikioni alisikia ile asante ya baba tu. Alimwachia Jennifer kibao cha kutelezea, akarudi juu.

"Baba, si kichwa chako," alisema huku analia. "Mimi nilikuwa naruka maneno."

"Unaruka maneno gani?"

Alianza kueleza kwa Kiswidi, kama alivyozoea akibanwa.

"Sema Kiswahili!" baba alifoka. Dafrosa akasema yote, pamoja na lile tundu.

"Wiki zote hizi!" Baba alisimama, mishipa imemtoka shingoni. "Najiita mjinga ndani ya nyumba yangu, kumbe unanipunja maswali!"

Mama, Bi Clementina, aliweka pasi kando. "Dafrosa, umekosa sana. Hutatoka kuteleza mpaka kitabu hiki kiishe. Na wewe, Baba Dafrosa, siku ya mtihani utamtia mfukoni uingie naye? Uliacha darasa la Kiswidi kwa kuona aibu mbele ya vijana. Sasa aibu imekusaidia nini?"

Baba aliinama, akaiokota kalamu chini ya jiko.

Tangu siku hiyo baba alirudi darasani, na nyumbani akasoma maswali mwenyewe, kwa sauti, kwa Kiswidi. Loo, ilikuwa kazi ya kukera! Alikwama, akarudia, akanuna. Dafrosa alimsahihisha, naye akanuna. Lakini majibu yakaanza kutoka sawa.

Theluji ilipoyeyuka, baba alikwenda kwenye mtihani peke yake. Akafaulu.

Siku ya habari hiyo mama alipika pilau, majirani wakaja kumpongeza. Wageni walipoondoka, baba alimwita Dafrosa.

"Nimekwisha kukusamehe," alisema. "Lakini nataka ujue kilichoniuma. Uliponikatia maswali, sikudhani kwamba swali ni pungufu. Nilidhani mimi ndiye pungufu. Mtu akikutegemea, ukichoka mwambie umechoka. Usimpe nusu ukamwambia ni nzima."