Vibandiko vya Mjuaji

Siku hiyo mjinga alikuwa Mjuaji, na tuliseme mapema ili tusije tukamsingizia mtu mwingine. Jina hilo alipewa na dada yake, Kidoti, kwa sababu hapakuwa na kitu asichokijua, isipokuwa kunyamaza.

Kila jioni, kazi za shule zikiisha, mama yao alifunika cherehani na kuita, "Haya, wanamuziki wangu!" Wote wanne, Mama, Babu, Kidoti na Mjuaji, walikizunguka kinanda cha umeme kilichowekwa juu ya meza ya kukatia nguo. Hakuna aliyetafuta umaarufu. Kinanda kililetwa kwa ajili ya mkono wa kushoto wa Babu. Babu alikuwa fundi saa, na kiharusi kilipompiga, vidole vya mkono huo vililala. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliwaonya, "Kila kidole kibonyeze kitu kila siku. Mkono usiotumika huganda." Babu alitaka kurudi kwenye meza yake ya saa, jingine hakulitaka.

Basi wakajifunza kodi; si kodi ya nyumba, bali noti tatu zinazobonyezwa kwa pamoja. Mama alibandika vibandiko vya rangi juu ya vitufe: vyekundu kwa kodi ya kwanza, vya bluu kwa ya pili, vya kijani kwa ya tatu.

Mwanzoni Mjuaji aliwaacha wote nyuma. "Babu, kidole chako kimesinzia, kiamshe!" Babu alicheka tu, akabonyeza tena. Haba na haba, jioni moja akazipitia kodi zote tatu bila kukosea. Mama akapiga vigelegele. Kidoti akamgeukia Mjuaji. "Mdogo wangu, pole. Umepitwa na mkono mgonjwa!"

Neno hilo lilimchoma. Kesho yake, kabla wenzake hawajakaa, alibandua kibandiko cha katikati cha kila kodi, akakisogeza kitufe kimoja pembeni. Kisha akakaa kungojea burudani.

Babu alibonyeza vitufe vyekundu. Kinanda kikalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Akahamia vya bluu. Paka wa pili, mkali kuliko wa kwanza. Mjuaji aliziba mdomo kwa kiganja, lakini mabega yalikuwa yakicheka. Babu alitazama rangi, akatazama vidole vyake, akarudi kwenye rangi.

"Jana nilizijua hizi," alisema taratibu.

Alijaribu mpaka jasho likamtoka, na nyuma ya jasho likaja chozi. "Nisaidieni nirudi kitandani. Mkono ulikwisha kwenda, sasa na kichwa kinaufuata."

Kesho yake Babu hakutoka chumbani, na bila yeye hakuna aliyegusa kinanda. Mjuaji alipompelekea chai, alivikuta vile vidole vimejikunja juu ya shuka. Alitaka kurejesha vibandiko, ila Mama alishinda hapo na cherehani yake. Na kusema ukweli je? Mdomo uliozoea kusema yote, siku hiyo ulijifunga wenyewe.

Jioni iliyofuata Mama alimshika Babu mkono, akamleta kitini. "Baba, hata kusikiliza tu. Haya Mjuaji, mpigie babu yako, asikie inavyotakiwa."

Mjuaji alisogea kwenye vitufe. Siku zote alisoma rangi kwa macho. Vidole vyenyewe havikujifunza chochote. Akazifuata rangi zile zile alizoziharibu. Paka wakalia, wote watatu.

"Profesa huyo!" Kidoti alicheka hadi akajishika mbavu. "Hebu sogea." Akafumba macho kama alivyozoea, akabonyeza kodi ya kwanza. Ikatoka safi. Alipofumbua macho, akakunja uso. "Mbona kidole changu hakipo kwenye rangi? Na hapa kinanata. Kuna gundi, kibandiko hakipo."

Hakuna aliyeuliza ni nani. Macho yote yalikwenda mahali pamoja.

Mama hakupiga kelele. Alibandua vibandiko vyote kimoja kimoja, akavifinyanga kuwa kidonge. "Baba, fumba macho. Njia vidole vinaijua."

Babu akafumba macho, akashusha mkono. Kodi ya kwanza, safi. Ya pili. Ya tatu. Babu akashusha pumzi ndefu.

"Kumbe kichwa ni kizima," alisema.

"Na wewe," Mama alimwambia Mjuaji, "tangu leo utajifunza upya kando ya babu yako, macho umefumba. Ukikosea, dada yako ana ruhusa ya kucheka."

"Lakini Mama, nilikuwa natania! Babu na mjukuu ni watani, kila mtu anajua!"

Babu alijibu bila kuinua mkono kutoka kwenye vitufe.

"Utani huchekwa na watu wawili, mjukuu wangu. Juzi nilipokuwa nalia, wewe ulicheka na nani?"